Zahanati ya Punda, Lamu

Zahanati ya punda ya Lamu, iliyofunguliwa mwaka 1987 na shirika la Uingereza liitwalo The Donkey Sanctuary, hutibu bila malipo, na hilo ndilo jambo kubwa. Katika mji wenye vichochoro visivyopitisha gari, punda ndiye abebaye mchanga, mawe na saruji. Mwenye punda asiye na fedha angengoja hadi kidonda kioze. Hapa humleta mapema. Minyoo hutibiwa, kwato huchongwa, na msokoto wa tumbo, ambao wakati mwingine huletwa na mifuko ya plastiki iliyoliwa jalalani, hushughulikiwa. Sifa zaidi wanastahili wahudumu kwa kutoishia kwenye sindano: humwelekeza mwenyewe kupunguza mzigo na kuweka shogi isimchubue mnyama, kinga isiyogharimu hata shilingi.