Ufundi wa Mkutubi wa Shule

Mkutubi wa shule hupimwa kwa vitabu visivyokuwepo rafuni. Chumba ambacho vitabu vyake vimenyooka safu kwa safu, kadi zao hazina hata mhuri mmoja wa tarehe, kinaweza kumpendeza mkaguzi, ila kwa wanafunzi ni stoo tu. Kazi yenyewe ni kumkutanisha mtoto huyu na kitabu hiki, na wakati mwingine ni kitabu ambacho mtoto mwenyewe asingekigusa.

Afrika Mashariki kazi hiyo imewahi kufanyika bila jengo lolote. East African Literature Bureau, shirika lililoanzishwa mwaka 1948, lilisambaza masanduku ya vitabu mahali pasipo na maktaba. Sheria za huduma za maktaba zilifuata, Tanganyika mwaka 1963 na Kenya mwaka 1965, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam. Garissa, nchini Kenya, tangu mwaka 1996, vitabu vimewafuata wafugaji juu ya ngamia. Katika msafara huo ngamia mmoja hubeba vitabu na mwingine hubeba hema, na hema hilo linastahili sifa zaidi kuliko linavyopewa: waliolifunga mgongoni mwa mnyama walijua kwamba msomaji huhitaji kivuli na mahali pa kukaa kabla hajahitaji orodha ya vitabu.

Msingi wa programu zote nzuri za maktaba ya shule ni kusoma kwa sauti. Mkutubi hodari hukisoma kitabu nyumbani kwanza, akapima pumzi zake, akajua mhusika yupi ana sauti nzito na yupi husema kwa kunong'ona. Siku ya kipindi huacha meza yake akakaa mkekani na watoto. Akisema "Paukwa!" hujibiwa "Pakawa!" hata na watoto wa mjini ambao nyumbani hawatambiwi hadithi, kwa kuwa televisheni imechukua nafasi ya bibi. Kisha husoma polepole, kitabu kimegeuziwa watoto ili wote waone picha, naye akiyatazama maneno kwa pembeni.

Ufundi mkubwa uko katika kuacha. Anayesoma hadi mwisho amewaburudisha watoto kwa nusu saa; anayejua pa kukomea amewaazimisha kitabu. Kwa wanafunzi wa sekondari huchukua Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, akafika pale mpelelezi Bwana Msa na kiko chake anapoanza kuuliza maswali ambayo wenzake wanayaona ya kipuuzi, akafunga kitabu na kukiweka mezani bila neno. Kelele za kulalamika huwa kubwa. Kengele ikilia, foleni ya kuazima huwa imeshajipanga, na mkutubi anahitaji nakala zaidi ya moja au daftari la zamu. Kukomea mapema mno huua hamu, kuchelewa ukurasa mmoja huimaliza, na hakuna mwongozo unaotaja mahali penyewe. Hupatikana kwa kuzitazama nyuso.

Kusadikika cha Shaaban Robert hufaa kwa kazi nyingine. Karama anashtakiwa na Majivuno mbele ya mfalme, naye anajitetea kwa kuwasimulia wajumbe sita waliotumwa pande sita wakarudi kuadhibiwa. Maktaba hugeuka baraza: wanafunzi sita hupewa mjumbe mmoja mmoja, kila mmoja akaisoma safari yake na kuisimulia, wengine wakihukumu. Aliyepewa kazi ya Majivuno ndiye hulazimika kusoma kitabu chote, kwa hiyo mkutubi mjanja humpa yule mvivu mwenye maneno mengi.

Tanzania kuna kazi ngumu zaidi. Mtoto husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza na kukuta masomo kwa Kiingereza. Wengi huacha kuazima kabisa. Mkutubi mzuri hawasukumi. Huwapa kwanza Juliasi Kaizari au Mabepari wa Venisi, tafsiri za Nyerere, kisha Shakespeare mwenyewe, hadithi ikiwa tayari imo kichwani na kilichobaki kigeni ni maneno tu.

Ufundi huu unapotea, na si kwa ukosefu wa vitabu peke yake. Ada za shule za msingi zilipoondolewa, Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000 na Kenya mwaka 2003, watoto walifurika, na katika shule kadhaa chumba cha vitabu kikageuzwa darasa. Uamuzi huo unaeleweka. Usioeleweka ni wa kipindi cha maktaba kubaki kwenye ratiba huku kikitumiwa kwa mazoezi ya hisabati, au wa ufunguo kukabidhiwa mwalimu yeyote mwenye vipindi vichache. Pengine maktaba ndipo wanapofungiwa waliochelewa asubuhi, wakajifunza kwamba vitabu ni adhabu. Misaada nayo huleta makasha ya vitabu vya mbali, vizuri kwa karatasi, visivyofanana na chochote kijijini. Bila mtu wa kuvisoma kwanza na kuvitambulisha, hukaa ndani ya makasha hayo.

Shida ya mwisho ni uhamisho. Mwalimu aliyeijenga klabu ya wasomaji akihamishwa, fomu ya makabidhiano huhesabu rafu, viti na vitabu, wala haina nafasi ya kuandika nani alikuwa akisoma nini. Wakutubi wenye busara hujikinga mapema: huwafundisha wanafunzi wakubwa kugonga mhuri, kushona migongo ya vitabu kwa sindano na gundi, na kuwasomea wadogo kwa sauti. Hao ndio huendesha azima hadi mwalimu mwingine apangwe.