Pwani ya Kusini Ndani ya Gemu: Tunacheza, au Tunachezewa?

Kiswahili kina neno moja kwa mambo ambayo lugha nyingine huyatenga. Tunacheza ngoma, tunacheza bao, tunacheza mpira, na siku hizi tunacheza gemu. Mzee wa Mikindani aliyeinamia kete zake barazani anacheza. Lipiko linalotokea siku vijana wanaporudi kutoka jandoni, nalo linacheza. Na dogo aliyelipa jero kwenye banda la PlayStation pale mtaani anacheza vilevile. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba gemu si kazi ya blogu ya fasihi, huwa namrudisha kwenye hilo neno. Hata tamthilia tuliiita mchezo wa kuigiza kabla wasomi hawajaitafutia jina zito zaidi.

Kipimo changu ni chepesi. Tukisoma riwaya tunauliza nani anasimulia. Kwenye gemu swali la kwanza ni hili: padi ikiwa mkononi mwangu, naruhusiwa kufanya nini? Yaani, vitenzi vyake ni vipi? Picha zinaweza kuwa nzuri na muziki ukakutoa machozi, ila maana ya gemu inakaa kwenye vitenzi. Kwa kipimo hicho nimezipitia gemu kadhaa za aina tofauti ambazo, kwa njia moja au nyingine, zimeigusa pwani hii yetu au lugha yake.

Nianze na ya zamani, kwa sababu mabanda ya huku hayafuati kalenda ya watengenezaji. PlayStation 3 iliyochoka bado inaingiza hela. Resident Evil 5 ya Capcom ilitoka mwaka 2009. Hadithi yake iko Kijuju, mahali pa kubuni panaposemwa kuwa Afrika Magharibi. Maadui wanaitwa Majini, na wanaongea Kiswahili. Afrika Magharibi, Kiswahili! Ni kama mtu aandike riwaya ya Dar es Salaam halafu wauza samaki wa Feri waongee Kiwolofu, bila kuona haja ya kueleza.

Picha za kwanza zilipoonyeshwa mwaka 2007, mjadala ulihusu rangi: askari mzungu anapiga risasi wanakijiji weusi. Ulikuwa mjadala wa haki. Gemu ilipotoka, shujaa alikuwa na mwenzake Mwafrika, Sheva Alomar. Lakini suala la lugha halikupata nafasi ileile, na mimi ndilo linaloniuma. Nikiwa kwenye banda moja hapa Mtwara, mtoto wa kama miaka kumi alinigeukia: "Anti, hawa mbona wanaongea kama sisi?" Sijasoma uhakiki wa gemu hiyo ulio mfupi na sahihi kuliko swali lake.

Lugha kwenye gemu ile haina mazungumzo, ina tahadhari tu. Ukisikia Kiswahili, maana yake geuka ulenge. Kitenzi ni kimoja. Sasa zingatia mahali tulipo. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, kando ya Ruvuma upande wetu, kilivamiwa na watu wenye silaha. Machi 2021 Palma, ng'ambo ya mto, ikashambuliwa, na watu wakakimbia kwa miguu na kwa mashua. Vita ya Cabo Delgado ina wasemaji wa Kiswahili kila upande: wanaokimbia, wanaowakimbiza, na sisi tunaoandika habari zao. Huku kusini, kuisikia sauti na kujua kama ni ya mtu anayeomba maji au ya mtu wa kumkimbia ni jambo la uhai. Gemu inayomzoesha mtoto kwamba lugha ya mama yake ni kelele ya adui imefanya kosa la kisanaa kabla hata hatujafika kwenye maadili. Imenyamazisha kitu ambacho kingeweza kuipa hofu ya kweli.

Upande wa pili kabisa kuna gemu za mikakati. Hizi hazitupigi risasi, zinatupamba. Civilization IV ya mwaka 2005 ilifunguliwa na "Baba Yetu", wimbo wa Christopher Tin ulioimbwa kwa Kiswahili, ambao mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kushinda Grammy. Naupenda wimbo huo, sifichi. Lakini ulikaa kwenye ukurasa wa kufungulia. Ukibonyeza kuanza mchezo, hukuti taifa la Waswahili la kuongoza. Lugha imekufungulia mlango, yenyewe ikabaki nje.

Civilization VI ilipiga hatua. Zanzibar imo kama mji-dola, na mwaka 2018 Kilwa Kisiwani ikaongezwa kama moja ya maajabu ya kujenga. Kwa mtu wa kusini ni raha kuiona Kilwa, mji aliouzuru Ibn Battuta mwaka 1331, ikisimama karibu na Piramidi. Kanuni yenyewe si ya kijinga: ni lazima uijenge pwani, na faida yake ni wajumbe na uhusiano na miji-dola mingine. Hapo aliyebuni alielewa kwamba nguvu ya Kilwa ilitokana na kujuana na watu.

Ila angalia nani anafanya kitendo. Kilwa anaweza kuijenga Mnorwe, Mjapani au Mbrazili. Zanzibar inapelekewa wajumbe, halafu inamzawadia mlezi wake mdalasini na karafuu. Tupo kwenye kila sentensi, lakini kama shamirisho, mtendwa. Kilwa iliyofua sarafu zake na kufaidi dhahabu ya Sofala imekuwa jengo lisilo na Wakilwa. Kama gemu ni nzuri, na ni nzuri kweli, niliwahi kukesha nayo mpaka jogoo anawika. Kama kumbukumbu ya pwani, ni kanga iliyotundikwa ukutani.

Sasa nifike kwa ile iliyonifanya niandike. Tales of Kenzera: Zau ilitoka Aprili 2024, kazi ya Surgent Studios ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, yuleyule aliyempa sauti Bayek katika Assassin's Creed Origins. Aliibuni kutokana na kifo cha baba yake. Ndani yake kijana Zuberi amefiwa na baba, akaachiwa hadithi aliyoiandika marehemu. Kwenye hadithi hiyo mganga kijana, Zau, anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, na kupatana naye: nikuletee roho tatu kubwa, unirudishie baba. Unaweza kuicheza kwa sauti za Kiswahili. Nilifanya hivyo, na nakushauri ufanye hivyo.

Ni gemu ya kuruka, kupanda na kupigana, na unarudi ulikopita kila ukipata uwezo mpya. Zau ana barakoa mbili. Ya jua inatoa moto kwa adui wa karibu, ya mwezi inatoa barafu kwa wa mbali. Kubadilisha kati ya hizo mbili ni kama kubadilisha mguu kwenye ngoma, na pale ambapo mwili na kidole vinakwenda pamoja gemu inapendeza sana.

Lakini kinachobaki moyoni si mapigano. Kuna mahali Zau anaketi chini ya mbuyu, Kalunga anakuwa naye, na wanaongea habari za baba. Ukimaliza, uhai wako unaongezeka. Mhakiki wa haraka atasema huko ni kugeuza majonzi kuwa pointi. Mimi naona vingine. Sisi msiba tunaukaa. Tunakaa matanga, tunakaa mkekani na mfiwa, hatumwambii mengi, na siku ya tatu ana nguvu kidogo kuliko ya kwanza. Nguvu hiyo imetoka kwenye kukaa. Gemu iliyoweka kitenzi "kukaa" na kukipa thamani kwenye kanuni zake, badala ya kukiacha kwenye maneno ya wahusika tu, imefanya kitu ambacho hata riwaya zetu nyingi za msiba hazijakifanya.

Lawama yangu ni kwamba haikukiamini vya kutosha. Inakaa dakika tatu, inapigana nusu saa. Na maadui, baada ya saa ya nne, ni walewale waliovalishwa upya. Mtu mwenye majonzi huchoka, ni kweli, lakini uchovu ule ni wa kidole.

Lawama ya pili ni ya mtu wa Mtwara. Roho za Kenzera zimeokotwa mbali mbali: Impundulu, ndege wa radi, ni wa kusini mwa Afrika, GaGorib ni wa masimulizi ya Wakhoikhoi, Kikiyaon ni wa Afrika Magharibi. Wote wanaishi chini ya anga moja na Kiswahili kinawaunganisha. Sina ugomvi na kuchanganya, maana Kiswahili chenyewe kimekua kwa kuchanganya. Ugomvi wangu uko kwenye barakoa. Kwa Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma, lipiko ni marehemu aliyerudi kijijini. Linavaliwa kichwani kizima, mchezaji anaonea kupitia mdomo, na asiyepitia jando hatakiwi kujua ni nani yuko ndani. Barakoa ile haimpigi mtu. Inacheza, watoto wanakimbia, halafu wanarudi kuchungulia. Zau ni gemu kuhusu kijana anayetaka mfu wake arudi, na usoni amevaa kifaa ambacho, huku kwetu, ndicho njia ya mfu kurudi. Watengenezaji walikuwa nayo mkononi wakaifanya silaha. Hapo wamepoteza tukio kubwa kuliko mapambano yao yote. Na si dogo la kusikitisha kwamba mwaka huohuo studio ilianza kupunguza wafanyakazi. Kazi ya pili ingeweza kuthubutu zaidi.

Barakoa zinanipeleka kwa Relooted ya Nyamakop, studio ya Johannesburg, iliyotangazwa Juni 2025. Wazo lake linachekesha na linauma: kundi la Waafrika wa siku zijazo linavamia makumbusho za Magharibi na kuchukua vitu vya Afrika, vitu halisi vyenye historia halisi. Unapanga njia ya kutokea kabla hujagusa kitu, kisha unagusa na kukimbia. Kitenzi kikuu ni kurudisha, na kukipata kitenzi hicho kwenye padi ni jambo jipya kabisa.

Hata hivyo historia yetu inaisumbua. Mwaka 1984 barakoa ya Kimakonde iliibwa kutoka Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Si enzi za Mjerumani, ni 1984. Ikaishia kwenye jumba la Barbier-Mueller, Geneva, na ikarudi mwaka 2010 baada ya mazungumzo marefu. Mlango uliovunjwa ulikuwa wetu. Na kuna yule mjusi wa Tendaguru, Lindi, anayesimama Berlin akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13. Mifupa ya kilima kile ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, na wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Huyo humchukui kwa kuruka dirishani! Kurudisha kwa kweli kuna mikataba, bajeti, ukarabati na swali la nani atalinda mlango. Gemu imechagua sehemu ya tamaa, na tamaa hiyo ni halali. Ila msomaji wa kusini ataicheza akijua kwamba sehemu ngumu inaanza pale inapoishia.

Kwenye mabanda, tusidanganyane, wanaocheza Zau ni wachache. Mfalme ni mpira. Na gemu za mpira zina kosa lilelile la Civilization: ligi za mbali zimo mpaka nyasi zake, yetu haimo. Tofauti ni kwamba hapa wachezaji hawakukaa kulalamika. Kuna vijana wanaofumua gemu za zamani kwenye simu na kuvalisha timu jezi za Simba na Yanga. Wanasheria watakuwa na la kusema. Mimi nauita uhakiki kwa vitendo: umesoma kazi, umeona ulipoachwa, ukajiandika mwenyewe.

Na kama unataka kujua mchezo wa pwani ungekuwaje ukianzia kwenye kanuni, badala ya mapambo, tazama bao. Mashimo 32, kete 64. Unanamua, baadaye unacheza mtaji, na usipoweza kula, unatakata. Kete uliyoila haitolewi mchezoni. Inahamia upande wako na kuanza kupandwa kwenye mashimo yako. Kete 64 zinaanza, kete 64 zinamaliza. Anayeshinda ni aliyewapokea wengi mpaka mwenzake hana pa kuchezea. Fikiria gemu ya mlango wa Ruvuma yenye kanuni ya namna hiyo: mto katikati, ndugu pande zote mbili, pantoni, mikoko, na kitenzi kikuu kikiwa kuvuka. Unavuka na nani, unamwacha nani, unampokea nani. Hilo halihitaji studio ya mamia ya watu. Linahitaji mtu anayejua kanuni za bao na kanuni za matanga.

Mpaka hapo, hukumu yangu kwa anayetaka kununua. Civilization VI ni ya likizo ndefu. Relooted ni ya kubishana na marafiki. Resident Evil 5 icheze ukiwa na mtoto anayeuliza maswali. Lakini kama una hela ya gemu moja tu, nunua Zau, weka Kiswahili, na ukifika kwenye mbuyu usibonyeze kuruka maneno. Kaa.