Ujira katika Dibaji ya Tauni

Dibaji ya Decameron, kitabu alichokitunga Giovanni Boccaccio baada ya tauni kuuvamia mji wa Florence mwaka 1348, husomwa aghalabu kwa namna mbili, na zote mbili zina upungufu. Wako wanaoisoma kama ushahidi mtupu, wakanakili hesabu yake ya maiti na dalili zake za ugonjwa kana kwamba wanalo mkononi daftari la kadhi. Wako pia wanaoiona kuwa pazia tu, giza lililotandazwa makusudi ili zipate kung'aa hadithi 100 zinazofuata, ambazo wanawake saba na wanaume watatu waliokimbilia shamba wanasimuliana kwa siku kumi.

Hesabu yake haina budi kukataliwa. Asema kwamba kati ya Machi na Julai walikufa ndani ya kuta za mji watu zaidi ya 100,000. Lakini wakazi wote wa Florence kabla ya maradhi walikaribia idadi hiyo hiyo, na mji haukubaki mtupu. Nguruwe wawili ambao anadai aliwaona kwa macho yake wakichakura matambara ya maskini aliyekufa, kisha wakaanguka papo hapo, tabibu wa leo atawatilia shaka. Tena wataalamu wameonyesha kwamba baadhi ya maneno yake mazito kabisa, kama yale ya wazazi kuwatupa watoto wao, yanafuata nyayo za Paulus Diaconus, mtawa wa karne ya 8 aliyeeleza tauni ya kale zaidi ya Italia.

Juu ya njia ya ugonjwa hakukosa sana. Alijua kwamba ulitoka mashariki. Marikebu za Genoa ziliuleta kutoka upande wa Bahari Nyeusi hadi Messina mwezi wa Oktoba 1347, na uchunguzi uliotangazwa mwaka 2022 umekuta alama za vijidudu vyake katika meno ya watu waliozikwa mwaka 1338 na 1339 karibu na ziwa Issyk-Kul, katika Asia ya kati. Boccaccio alisema pia kwamba kugusa nguo za mgonjwa kulitosha kuambukiza. Habari za kiroboto hakuzijua, wala hazikujulikana mpaka mwisho wa karne ya 19. Lakini kiroboto hujificha nguoni, na jicho la mtunzi lilifika mlangoni ingawa halikuingia.

Thamani ya dibaji imo katika mafungu machache ambayo wasomaji wengi huyapita mbio wakitafuta vitisho: yale yanayohusu kazi na malipo. Kabla ya maradhi, aeleza, wanawake wa ukoo na wa ujirani walikusanyika ndani ya nyumba ya msiba kulia pamoja na wafiwa. Wanaume walikaa mbele ya nyumba. Kisha maiti akachukuliwa mabegani na watu wa daraja lake mpaka kanisa alilolichagua mwenyewe kabla ya kufa. Msomaji aliyekulia penye desturi ya matanga hahitaji kufasiriwa uzito wa jambo hilo. Tauni ilipozidi, mahali pa jamaa na majirani pakashikwa na watu wa tabaka ya chini waliojiita becchini, wazikaji wa kulipwa, ambao walilinyakua jeneza na kwenda nalo mbio kwenye kanisa lililo karibu, si lile la wasia. Wagonjwa wa nyumba kubwa nao waliachwa mikononi mwa watumishi wachache waliokubali kubaki kwa ujira mkubwa mno. Kazi yao haikuzidi kumpa mgonjwa alichoomba na kumtazama akikata roho, na wengi wao walikufa na faida yao.

Anayasema haya kwa dharau. Baba yake alikuwa mfanyabiashara aliyeitumikia benki ya Bardi, na mwana anaona katika ujira huo tamaa tupu ya watu duni. Walakini ameandika kweli kubwa kuliko alivyokusudia. Pale udugu ulipoacha kazi yake, fedha iliichukua, na aliyekuwa na nguvu za mwili zilizo nzima akawa na kitu cha kuuza. Hapakuhitajiwa kumwiga mtawa wa kale kwa hilo. Paulus Diaconus alikuwa na mashamba yaliyonyamaza na wachungaji waliotoweka, hakuwa na bei ya mtumishi.

Kilichofuata chathibitisha. Matteo Villani, aliyeendeleza kitabu cha tarehe cha ndugu yake Giovanni baada ya huyo kufa kwa tauni hiyo hiyo, anawalalamikia watu wa kawaida waliokataa ujira wa zamani na kutamani mavazi ya fahari. Anataja pia florini zaidi ya 350,000 zilizoachwa kwa wasia katika chama cha Orsanmichele ili wapewe maskini, ilhali maskini wenyewe walikwisha kufa. Uingereza ilitoa amri mwaka 1349 na sheria mwaka 1351 kuurudisha ujira ulipokuwa kabla ya maradhi, na wingi wa faini zilizotozwa waonyesha jinsi zilivyovunjwa.

Huenda ikasemwa kwamba Boccaccio aliona utengano kwa sababu alipenda kuuona. Ibn Battuta, yule yule aliyefika Kilwa mwaka 1331, alikuwako Damascus mwaka 1348, na habari yake ni ya mji uliofunga siku tatu, kisha ukatoka kuomba: Waislamu na misahafu yao, Wayahudi na Taurati, Wakristo na Injili. Ni picha tukufu, na yafaa kuwekwa kando ya Strasbourg, ambako Wayahudi waliuawa mwezi wa Februari 1349 kwa kusingiziwa tauni, jambo ambalo dibaji ya Boccaccio hailigusi. Lakini msafiri huona barabara. Mwenyeji huona vyumba vya ndani. Hata kifo cha mama yake mwenyewe, aliyechukuliwa na tauni hiyo, Ibn Battuta amekitaja kwa maneno machache akaendelea na safari.

Kasoro kubwa ya Decameron, ikiwa ni kasoro, imo baada ya dibaji. Mtunzi aliyekwisha kusema kwamba watumishi wamekuwa adimu na ghali anawapeleka vijana wake kumi shambani pamoja na watumishi saba, wajakazi wanne na wanaume watatu, kila mmoja na jina lake na zamu yake. Meza zinaandikwa, divai inapoa, vitanda vinatandikwa. Ujira hautajwi hata mara moja. Mwanzoni mwa siku ya sita tu ndipo kelele inapotoka jikoni: Licisca na Tindaro wanagombana juu ya mambo ya wake na waume. Mabibi wanacheka sana. Licisca hana nia ya kunyamaza, mpaka malkia wa siku hiyo anamkunjia uso na kumwambia kwamba akisema neno jingine atachapwa. Anarudi jikoni, na hadithi zinaendelea.