Redio Inayogeuzwa Tabia kwa Programu

Atazamaye paa za mabati za Kibera, zilivyobanana hata mchirizi wa nyumba hii huangukia ukuta wa jirani, ataona nguzo nyembamba zilizobeba antena za Wi-Fi. Na ni kwa vyombo vya namna hiyo kampuni ya Poa Internet, iliyoanzia Kibera na Kawangware, ilivyowauzia watu wa kipato kidogo intaneti kwa bei wanayoimudu. Sababu ya unafuu ni dhahiri: masafa ya gigahazi 2.4 na 5 ni ya umma, na vyombo vyake hutengenezwa kwa wingi. Walakini cha wote hakikosi msongamano, na wimbi la gigahazi 5, likigonga bati, hurudishwa nyuma.

Hapo ndipo inapofaa kuitafakari redio ya programu. Redio ya kale ilikuwa mithili ya fundi aliyefunzwa kushona kanzu tu: saketi zake zilifungwa kiwandani kwa kazi moja, na kazi ikibadilika, chombo hutupwa. Redio ya programu hulipokea wimbi, ikalipima mara mamilioni kwa sekunde, ikaligeuza kuwa tarakimu. Kisha kuchuja na kufasiri, kazi zilizokuwa za waya na vyuma, hufanywa na programu. Mwaka 2004 Marekani iliidhinisha chombo cha kwanza cha aina hii, mtambo wa simu wa kampuni ya Vanu. Kwa hiyo mnara mmoja, maadamu antena na vikuza-mawimbi vyake vinaruhusu, waweza kumhudumia bibi mwenye simu ya vitufe na mjukuu wake mwenye simu ya kizazi cha nne.

Faida kubwa zaidi imo katika masafa ya televisheni, megahazi 470 hadi 694, ambayo hupinda kuvizunguka vizuizi kuliko yale ya Wi-Fi. Redio ya programu huweza kuhamia nafasi ya masafa hayo iliyo tupu, na kuondoka mwenye leseni yake akirudi. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliweka kanuni za kutumia nafasi hizo, na kadhalika utaratibu wa leseni kwa mitandao ya intaneti inayoendeshwa na jamii zenyewe.

Basi mlango wa sheria umekwisha kufunguliwa. Lililosalia ni elimu: vyuo vyetu na viwafundishe vijana wa Kibera na Kawangware kuiandika programu hiyo, wasije wakabaki mafundi wa kupanda nguzo tu, ilhali akili ya redio inaandikwa ng'ambo.