Beji ya Babu Ising'arishwe

Binamu zangu wa Bomet wanataka mabawa ya urubani ya babu yapakwe rangi ya dhahabu, eti yapendeze kwa fremu. Mimi nakataa. Beji husomwa, na ule weusi wake ndio habari yenyewe. Jeshi la Anga la Kenya, lililoundwa 1964, lilivunjwa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982. Likafufuliwa kwa jina la Jeshi la Anga la '82, hadi 1994. Miaka hiyo yote beji ilifichwa ndani ya mkebe wa majani chai. Ukiisugua, unabaki na rubani asiyejua 1982. Ipanguse kwa kitambaa kikavu, iepushe na unyevu wa Kericho, na kando yake andika kwa nini ilifichwa.