Rangi Nyekundu na Rangi Nyeupe katika Miamba ya Singida

Mwalimu aliyepata kufundisha katika nchi ya Iramba, au katika Isanzu, ambayo tangu mwaka 2012 imo katika wilaya ya Mkalama, yamkini ameonyeshwa na wanafunzi wake picha zilizochorwa zamani chini ya miamba. Wataalamu wamekwisha kuzieleza. Ludwig Kohl-Larsen, Mjerumani, alizichunguza katika miaka ya 1930, na kitabu chake juu yake kikatoka mwaka 1958. Fidelis Masao, Mtanzania, alichimba chini ya miamba hiyo na kuchapisha kitabu chake mwaka 1979. Lakini wenye elimu hiyo huuliza zaidi umri wa picha na kabila la waliozichora. Mimi nataka kuuliza jambo dogo zaidi: mchoraji alifanyaje hata mnyama wake akaonekana yu hai?

Mchoraji wa picha nyekundu alitumia ngeu, yaani udongo mwekundu wenye chuma, na mara nyingi hakutumia rangi nyingine yo yote. Hakuchora majani wala mbingu, wala ardhi chini ya kwato. Kivuli hakutia kabisa. Walakini twiga ni twiga, na pofu ni pofu, wala mtazamaji hahitaji kuambiwa. Siri imo katika mstari wa ukingo: mteremko wa mgongo wa twiga, nundu ya pofu, ngozi ining'iniayo chini ya shingo yake. Hivyo ndivyo mwindaji amtambuavyo mnyama aliye mbali, asimamapo kati yake na jua, wakati rangi ya manyoya haionekani tena. Basi mchoraji huyu hakuacha rangi nyingine kwa umaskini tu. Alichora kile ambacho jicho lake lilikitegemea porini.

Na mwanga je? Chini ya mwamba uliojitokeza mbele jua halifiki ukutani. Nuru huruka kutoka ardhini na kuenea juu ya jiwe pote sawasawa. Mahali pa namna hii hata mkono wa mtu hauna kivuli kikali. Sisi walimu tumezoea kumsahihisha mtoto asiyetia kivuli upande mmoja wa chungu alichochora, kana kwamba jua la kitabu cha kuchorea ni sheria. (Nami nimeyafanya hayo miaka mingi.)

Juu ya picha nyeupe hukumu ya kawaida ni kwamba ustadi ulikufa. Picha hizi ni za baadaye, nazo hudhaniwa kuwa kazi ya wakulima na wafugaji wa Kibantu, yaani wazee wa hao tunaowafundisha. Kwa hiyo hukumu hiyo si neno jepesi. Nakubali kwamba mkono wao ni mzito: rangi ilipakwa nene, mara nyingi kwa kidole, pengine juu ya picha nyekundu zenyewe. Lakini ngeu huingia katika jiwe, na rangi nyeupe hukaa juu yake na kubanduka. Nani ajuaye ni nyeupe ngapi nzuri zimekwisha kuanguka? Tena, kaa chini ya mwamba hata jioni. Nyekundu huzama katika jiwe, na nyeupe bado yaonekana kutoka mbali. Aliyeipaka, naona mimi, hakutafuta mnyama aliye hai. Alitaka alama isomwe gizani.

Liko jambo linaloziharibu zote mbili. Wageni huzimwagia maji ili rangi ing'ae kwa ajili ya kamera. Kweli hung'aa, kwa dakika chache. Kisha maji hukauka na kuacha chumvi kama ukungu juu ya picha, na nyeupe hulegea. Huko Kondoa, ambako picha ziliandikwa na UNESCO mwaka 2006 katika urithi wa dunia, wengine wamechimba mashimo chini ya miamba wakitafuta mali waliyodhani Wajerumani waliificha.

Mwalimu awapelekaye watoto asichukue maji ila ya kunywa. Na wakae kimya kitambo, mpaka macho yazoee kivuli. Kisha awape kila mmoja kipande cha mkaa, wachore ng'ombe wa kwao kwa mstari mmoja, bila kivuli, hata mwenzake aweze kumtaja ni ng'ombe yupi.