Istilahi za Mafuta: Kikomo, Vinasaba na Ulaji

Katika kazi ya kukuza istilahi za Kiswahili, aghalabu tumeelekeza jitihada zetu kwenye elimu zilizo mbali na maisha ya kila siku ya mwananchi. Istilahi za mafuta ya magari hazimo katika fungu hilo. Hizo husemwa kituoni, sokoni, ofisini na ndani ya basi. Bei ya mafuta ikipanda, nauli hufuata, na baada ya nauli hufuata unga na mboga. Kwa hiyo neno lisilofaa katika uwanja huu halimsumbui mwanafunzi peke yake, bali laweza kumpotezea mwananchi haki yake na fedha yake. Makala haya yana nia ya kuyapima maneno machache yanayotumika katika mazungumzo hayo, na kuonyesha lipi lifaalo kushikwa na lipi lifaalo kuachwa.

Tuanze na bei yenyewe. Nchini Tanzania, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei za petroli, dizeli na mafuta ya taa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Utaratibu huo ulianza mwaka 2009. Kenya nayo imekuwa na utaratibu wa jinsi hiyo tangu Desemba 2010. Katika matangazo yake EWURA hutumia istilahi ‘bei kikomo’. Lakini habari hiyo hiyo ipitapo katika magazeti na redio, mara nyingi hugeuka ikawa ‘bei elekezi’, kana kwamba maneno hayo mawili ni mapacha.

Kwa maoni yetu maneno hayo hayana hata undugu wa mbali. Kikomo ni mahali pa kukomea. Apitaye hapo amevunja sheria. Kuelekeza ni kuonyesha njia, na aliyeonyeshwa njia ana hiari ya kuifuata au kuiacha. Mwuza mafuta hana hiari ya kuzidisha bei iliyotangazwa; hiari aliyo nayo ni ya kuuza chini yake ili ashindane na wenzake. Basi mnunuzi aliyefundishwa na gazeti kwamba bei ni elekezi, akitozwa zaidi kidogo, atadhani muuzaji ametumia uhuru wake, naye atalipa na kwenda zake. Yule ajuaye kwamba bei ni kikomo atatazama bango la bei, atadai stakabadhi, na atajua kwamba ana pa kushtakia. Tofauti ya neno moja imekuwa tofauti ya haki. Hapa hatuhitaji istilahi mpya, kwa kuwa iliyopo yatosha. Kinachohitajika ni waandishi na wafasiri kuiheshimu.

Neno la pili ni ‘vinasaba’. Mwaka 2010 lilienea nchini neno ‘kuchakachua’, yaani kuchanganya mafuta ili kumdanganya mnunuzi, hasa kutia mafuta ya taa katika dizeli kwa kuwa ushuru wake ulikuwa mdogo. Neno hilo halikutungwa na kamati yoyote. Lilitoka vinywani mwa watu, likaeleweka mara moja, na katika uchaguzi wa mwaka huo huo likahamia kwenye kura. Mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ukakaribia ule wa dizeli, ili faida ya uchakachuaji iondoke. Pamoja na hayo, tangu mwaka 2010 kulianzwa utaratibu wa kutia katika mafuta kemikali maalumu, ambayo kwayo wakaguzi hutambua mafuta yaliyolipiwa kodi na kuyatenga na yale yaliyochanganywa, au yaliyokusudiwa kupita tu kwenda nchi jirani. Kemikali hiyo ndiyo iliyoitwa ‘vinasaba’.

Twatambua wazo lililomwongoza mtungaji: nasaba ni ukoo, na kemikali hiyo hueleza asili ya mafuta. Hata hivyo ‘kinasaba’ kilikwisha kupata makao katika elimu ya viumbe, ambako ni kile kinachorithiwa na mtoto kutoka kwa wazazi wake. Petroli haina wazazi, wala kemikali iliyotiwa kwa mkono hairithiwi. Mwalimu wa sekondari aliyefundisha jana kwamba vinasaba hupatikana katika chembe hai atajibu nini leo mwanafunzi akimwuliza kama dizeli ina uhai? Twaona ‘alama ya utambuzi’ ingetosha, maana hiyo husema kitu kinavyofanya kazi bila kuazima kwa jirani kitu anachokitumia bado.

Tufikie sasa neno la tatu, ambalo kwetu ndilo zito zaidi. Katika tafsiri nyingi za vitabu vya magari na hotuba juu ya kubana matumizi, twakutana na ‘ufanisi wa mafuta’. Swali la kwanza ni la sarufi: ufanisi ni wa nani? Lita moja ya petroli ni ile ile, iwe katika pikipiki au katika gari kubwa la ofisi. Linalotofautiana ni chombo: injini yake, uzito wake, upepo wa magurudumu yake, mzigo wake na mwendo wa dereva. Kuyapa mafuta sifa ya injini ni sawa na kuusifu unga kwa ustadi wa mpishi.

Swali la pili ni la hesabu. ‘Ufanisi wa mafuta’ hupimwa kwa kilomita ambazo gari huenda kwa lita moja. Tuchukue idara yenye magari mawili, kila moja likienda kilomita 1,000 kwa mwezi. La kwanza huenda kilomita 5 kwa lita. Likibadilishwa kwa gari la kilomita 10, lita 200 huwa 100. La pili huenda kilomita 10 kwa lita. Likibadilishwa kwa gari la kilomita 20, lita 100 huwa 50. Mhasibu atazamaye kilomita kwa lita ataona badiliko la pili ndilo kubwa, kwa kuwa limeongeza 10 na la kwanza 5 tu. Kumbe la kwanza limeokoa lita 100, na la pili 50. Wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, Richard Larrick na Jack Soll, walilionyesha kosa hili mwaka 2008 kwa kipimo cha nchi yao, maili kwa galoni.

Dereva wetu hakulihitaji onyo hilo. Yeye huuliza, “Gari hili linakula lita ngapi?” Kwa kuuliza hivyo huanza na kile kinachotoka mfukoni, nacho ndicho kipimo cha lita kwa kilomita 100 kitumiwacho Ulaya. Hivyo basi ‘ulaji wa mafuta’ ni istilahi iliyo tayari. Wako watakaosema kwamba ‘ulaji’ limechafuliwa na maana ya vyeo vya kujinufaisha. Twajibu kwamba neno ‘mafuta’ likiandamana nalo hakuna atakayepotea. Wengine watapendelea ‘matumizi ya mafuta’. Lakini hayo na yabaki kuwa jumla ya nchi au ofisi, maana ulaji wa kila gari waweza kupungua na matumizi ya idara yakazidi, kwa sababu magari yameongezeka.

Basi twapendekeza: ‘bei kikomo’ isibadilishwe kuwa elekezi, ‘alama ya utambuzi’ ichukue nafasi ya ‘vinasaba’ katika mafuta, ‘ulaji wa mafuta’ uandikwe kwa lita kwa kilomita 100, na ‘ufanisi’ urudishwe kwa injini, mwenyewe wa haki. Mfasiri akutanapo na dhana ngeni, kabla ya kufungua kamusi, na aende kituo cha mafuta akasikilize.